Kisogo cha Dada

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanza mjini ukaomba rangi ya mafuta, muuzaji atakuuliza kama unapaka mlango au unapaka magrili. Kwa mafundi wetu rangi ziko mbili: ya maji kwa ajili ya kuta, na ya mafuta kwa ajili ya mbao na chuma. Ile ya tatu, inayokaa kwenye vitubu vidogo kama vya dawa ya meno, iliyosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani, haipo rafuni. Mimi huiagiza Dar es Salaam, mara nyingine Nairobi, ikaja kwa basi ndani ya boksi la sabuni. Kitubu kimoja cha bluu nzuri hukaribia bei ya kopo zima la rangi ya mlango. Mke wangu alipoijua hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama bluu hiyo inalika.

Mimi mwenyewe nilianzia kwenye kopo. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa mchora mabango: vinyozi, saluni, maduka ya dawa, hoteli za wali na samaki. Nilichora pia mitumbwi, Igombe na Kirumba, jina upande mmoja na namba ya usajili upande mwingine. Mwenye mtumbwi akitaka macho ya samaki mbele nilimwekea macho ya samaki. Kisha mashine za kuchapa mabango ya plastiki zikaingia mjini, na mwenye saluni akagundua anaweza kupata picha ya mwanamke wa Kimarekani mwenye nywele ndefu ndani ya saa mbili, kwa bei ambayo mimi nisingeweza kununulia rangi. Kazi ikapungua mwaka hadi mwaka. Nikabaki na brashi, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima nikabaki na muda.

Muda huo ndio nilioutumia kuchora vitu ambavyo hakuna aliyeniagiza.

Nyumbani kwetu hakukuwa na kamera. Mpiga picha wa mtaani alikuwa anapita Igombe wakati wa sikukuu, anapiga, anachukua pesa, anarudi baada ya wiki mbili na picha, au harudi. Mama alikuwa na picha chache kwenye bahasha chini ya godoro, mchwa walizimaliza. Picha ya kwanza ya uso wangu ninayoijua ni ile ndogo ya cheti cha kumaliza darasa la saba, masikio yametoka nje kama vishikio vya sufuria. Kabla ya hapo sina ushahidi wowote kwamba niliwahi kuwa mtoto. Dada yangu hana hata hiyo ndogo, kwa sababu hakufika darasa la saba.

Kwa hiyo ninachora ninachokikumbuka, na kumbukumbu za utotoni zina urefu wake. Mtoto wa miaka mitatu haoni ulimwengu tunaouona sisi. Anaona visigino. Anaona pindo la kanga lililoloa, miguu ya meza, chini ya kitanda, tumbo la mbuzi. Picha zangu karibu zote ziko chini hivyo. Kuna moja ya karabai inayowashwa: mikono miwili mikubwa inapampu, na uso wa mwenye mikono haumo kwa sababu uko juu mno. Kuna moja ya jiwe. Mtu wa Mwanza ataelewa. Sisi tunaishi juu ya mawe, kati ya mawe, wengine chini ya mawe, na mtoto aliyetoka kuoga ziwani hulala kifudifudi juu ya jiwe lililoshika joto mpaka atetemeke vizuri. Nilichora jiwe hilo kwa karibu sana hata mteja mmoja akadhani ni ngozi ya tembo. Kuna nyingine ya vile vijidudu vya ziwani vinavyoinuka juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, na mtoto anayeangalia moshi huo bila kujua kwamba ni wadudu.

Wanasaikolojia wanasema kumbukumbu za kwanza za watu wengi huanzia miaka mitatu hivi, na zilizo nyuma ya hapo hupotea. Zinazobaki hazikai kama picha kwenye bahasha. Kila ukiikumbuka siku fulani unaijenga upya, kwa vifaa ulivyonavyo leo. Mchoraji hawezi kushangazwa na hilo, kwa maana ndiyo kazi yake.

Ya nne katika picha hizo, na ndiyo iliyonisababisha niandike haya, ni ya kisogo cha dada.

Nilizaliwa mwaka 1986. Dada ana miaka saba zaidi yangu. Mwaka 1989 mama alikuwa anaanika dagaa Igombe, kaskazini ya mji. Kazi ile inaendeshwa na mwezi. Usiku wa giza mitumbwi inatoka na karabai, dagaa wanaufuata mwanga, wanavuliwa kwa wavu. Ukisimama ufukweni unaona taa zimejipanga ziwani kama kuna mji mwingine huko. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, watu wanapumzika na kushona nyavu. Alfajiri mitumbwi inarudi, wanawake wanasubiri na ndoo na mabeseni, wananunua, wanabeba, wanamwaga mchangani na kutandaza. Jua likiwa kali, jioni unakusanya dagaa wakavu. Mvua ikinyesha katikati ya siku, waliokuwa chakula cha watu wanageuka chakula cha kuku, na bei inaanguka hapo hapo wakati deni la ndoo liko palepale.

Katikati ya alfajiri na jioni kuna kazi ambayo haionekani kama kazi: kuwageuza, na kuwalinda dhidi ya mwewe, kunguru, mbuzi na bata wa jirani. Kazi hiyo ni ya watoto. Dada aliifanya akiwa nami mgongoni ndani ya mbeleko, ingawa nilikuwa nimeshakuwa mzito, kwa sababu nikiachwa chini nilikuwa nakimbilia majini.

Nilichoona kutoka pale mgongoni ndicho nilichochora. Kisogo. Shingo yenye chembe za mchanga zilizogandia jasho. Ukingo wa kanga ya njano iliyopauka. Nywele fupi zisizosukwa, zimeota bila mpango, ambazo nakumbuka nilikuwa nazishika kama mtu anayeshika majani asianguke kilimani. Kuizunguka nywele hiyo, mstari wa dhahabu. Na mbele, juu ya bega la kulia, ufukwe mzima wa fedha: maelfu ya dagaa, lakini nilivyowachora si dagaa tena, ni mng'ao.

Picha hiyo nisingeweza kuichora kwa rangi ya kopo. Rangi ya mlango inakauka kabla hujafikiri. Rangi ya mafuta ya kitani haikauki kama nguo kwenye kamba, kwa kupoteza maji. Inavuta hewa na kukaza taratibu, siku baada ya siku. Ukipaka jasho kwenye shingo leo, kesho bado unaweza kulipunguza. Ina sheria zake pia: tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi zaidi, la sivyo juu patakauka kabla ya chini na picha itapasuka. Kitambaa changu ni marekani ya kawaida, naivuta kwenye fremu ya mbao na kuipaka gundi na rangi nyeupe ya maji. Kisogo kilinichukua wiki saba. Nilikifuta mara nyingi, kwa sababu kila mara kilitoka kisogo cha mwanamke mzima.

Katika nchi hii, mtu akisikia mchoraji wa Kitanzania anawaza twiga na chui wenye madoa. Huo ni urithi wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 Dar es Salaam, kwa rangi za kopo juu ya vipande vya hadibodi, na akafa mwaka 1972 akiwa ameacha jina linalolisha mamia ya watu mpaka leo. Namheshimu, tena ni mtu wa kopo mwenzangu. Lakini ninapotafuta aliyepita njia niipitayo mimi, namkuta Sam Ntiro.

Ntiro alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, chini ya Margaret Trowell, mwalimu aliyewasimulia wanafunzi jambo kisha akawaacha waliione kichwani kabla ya kulichora. Akaenda Slade, London, akarudi kufundisha Makerere, na baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Katika safari zote hizo alichora kwa mafuta mambo ya nyumbani: watu wakilima, wakivuna, wakijenga, wakipita kwenye migomba ya Uchagani. Picha yake ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na iko katika jumba la MoMA, New York. Mimi nimeiona kwenye kioo cha simu tu. Niliikuza kwa vidole viwili nikitafuta sura, na nikaona kwamba si sura zinazobeba picha ile. Watu wa Ntiro ni wadogo, wako pamoja, wana kazi mkononi, na mlima na migomba vinawazunguka kama blanketi. Ni kama mtu anayekumbuka kijiji chake kutoka mbali na kuona miili inavyokwenda.

Nililipenda jambo hilo. Nilijiambia kwamba mtu anayekumbuka kwa kweli hakumbuki sura, anakumbuka namna mwili ulivyokaa. Nikatundika picha zangu nne, pamoja na nyingine sita, kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini, ambako mwenyewe alikubali zikae mwezi mmoja. Mama mmoja aliyekuja kwa mkutano kutoka Dar es Salaam akasimama mbele ya kisogo muda mrefu. Akaniambia picha ile inamkumbusha dada yake. Akaniambia yuko tayari kutoa laki sita. Hakuna aliyewahi kunitajia pesa hiyo kwa picha moja. Nilimwomba siku tatu, kwa sababu sikutaka iondoke kabla mwenyewe hajaiona.

Dada ana biashara Mwaloni, soko la Kirumba. Ananunua dagaa wakavu kutoka visiwani na kuwapakia kwenye magunia. Mengine yanavuka mpaka kwenda Kongo. Ana sauti ya watu wa soko na simu mbili. Alikuja hotelini na binti yake wa mwisho, wa miaka kumi, bado wamebeba harufu ya ghalani, na mlinzi akawauliza mara mbili wanamtafuta nani.

Akasimama mbele ya picha.

"Huyu nani?"

"Wewe, dada."

"Mbona nimegeuka?"

"Nilikuwa mgongoni kwako. Ndicho nilichokuwa nakiona."

Hakucheka. Akasogea karibu mpaka nikaogopa ataigusa. Aliangalia nywele.

"Hapa nilikuwa nimeshaacha shule," akasema.

"Umejuaje?"

"Mdogo wangu, nywele. Shuleni tulikuwa tunanyolewa. Hizi zimeshafika wapi hizi? Hii ni miezi miwili au mitatu."

Mimi nilikuwa nimezichora nywele zile kwa sababu mikono yangu inazikumbuka. Sikujua zilikuwa zinasema tarehe.

Kisha akaonyesha ule mstari wa dhahabu. "Na hii ni nini?"

"Jua la asubuhi."

"Hilo jua nalikumbuka," akasema. "Lilikuwa mbele yetu. Wewe nilikuwa nakukinga kwa kichwa changu, ukawa unalala. Mimi lilikuwa machoni. Siwezi kufumba, nikifumba mwewe kachukua."

Akanyamaza. Binti yake alikuwa anaangalia picha, halafu anaangalia kisogo cha mama yake, halafu picha.

"Ni nzuri," dada akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayesifia nyumba ya jirani. "Lakini sura yangu iko wapi? Mimi sina hata picha moja ya utoto wangu. Leo mtu kanichora, na kanichora kisogo."

Nilimweleza habari za laki sita. Nilidhani atasema niuze, maana ni mfanyabiashara, na anaujua mlango wa nyumba yangu ulivyo. Alisema, "Pesa hizo ni nyingi. Usimpe."

Picha ikarudi nyumbani, na mimi nikaanza kumtafutia dada uso.

Hapo nilikutana na ugumu ambao sikuutarajia. Ninao uso wa dada wa leo, wa miaka arobaini na kitu. Nimeuona maisha yangu yote, na kila mwaka umefunika wa mwaka uliotangulia, kama mlango uliopakwa rangi juu ya rangi. Ule wa miaka kumi haupo tena mahali popote duniani. Mama angeweza kunisaidia. Mama tulimzika mwaka 2012. Hata mahali penyewe pamebadilika. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964, likaingia kwenye vibanda na mashamba ya pwani, na mchanga tuliokuwa tunaanikia nilipoufuata nilikuta maji na magugu. Siku hizi wengi wanaanika juu ya chanja za wavu, dagaa hawagusi mchanga kabisa. Ni bora zaidi. Mnunuzi hasagi chembe za mchanga menoni. Lakini shahidi mwingine ameondoka.

Nikapata wazo nililoliona zuri. Binti wa dada ana miaka ileile kumi, na watu wote wanasema kafanana na mama yake. Nikaomba aje Jumamosi akae kwenye kigoda, jua likimpiga usoni, nimchore, kisha nitengeneze picha ya pili: ufukwe uleule, msichana yuleyule, safari hii anatutazama. Mtoto alifurahi, akauliza atavaa nini.

Dada akakataa.

"Huyo ni yeye," akasema. "Huyo uso haujawahi kuanika dagaa, na hautaanika. Ukimweka pale ufukweni umemwongopea yeye na umeniongopea mimi. Kwa nini nadhani naamka saa tisa ya usiku?"

Sikuwa na jibu. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, dada alikuwa na miaka ishirini na kitu na mtoto mgongoni, wake mwenyewe. Watoto wake wote wanne wamesoma au wanasoma. Binti huyu anataka kuwa mhandisi wa meli. Kumvalisha kanga ya njano na kumsimamisha katikati ya dagaa wa mwaka 1989, hata kwa rangi tu, kulikuwa ni kumrudisha mahali ambapo mama yake alimtoa kwa nguvu.

Nikiwa katika kutapatapa huko nilikumbuka habari za wachoraji wa Lubumbashi, upande wa pili wa Tanganyika. Miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa mtaani kule Katanga walikuwa wanachora juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuwauzia wafanyakazi wa migodini na majirani zao. Mashuhuri wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya Zaire, picha moja moja, na kumsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili cha kule kila picha inasema nini. Katika picha zilizopendwa kulikuwa na ile ya enzi za Wabelgiji: mfungwa amelazwa anachapwa viboko, askari na afisa wamesimama. Watu waliitundika sebuleni, juu ya makochi. Mgeni anaweza kushangaa nani anataka kunywa chai chini ya mjeledi. Wenyewe walikuwa na neno lao kwa picha za namna hiyo, neno letu sote: ukumbusho. Picha haikuwa pale ipendeze tu. Ilikuwa pale ili mtu akiingia aulize, na mwenye nyumba aanze kusimulia. Picha bila msimulizi ilikuwa nusu ya kazi.

Nikampigia dada. Sikumwambia habari za Lubumbashi. Nilimuuliza tu: "Dada, nikiwa nimelala mgongoni, wewe ulikuwa unafanya nini mchana kutwa?"

"Nilikuwa naanika."

"Kingine?"

Kimya. Nyuma yake mtu alikuwa anahesabu magunia kwa sauti.

"Nilikuwa naandika chini," akasema. "Kwa kijiti. Tebo. Tulikuwa tumefika ya saba nilipoacha, nikaona nisiisahau. Naandika, nageuza dagaa, nikirudi bata wamekanyaga, naandika tena. Wewe ulikuwa hujui kitu, unanikojolea tu."

Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia jambo hilo. Lilikuwa limefanyika nusu mita chini ya macho yangu, upande wa pili wa bega lake, mahali ambapo mtoto wa mgongoni hawezi kuona.

Jumapili alikuja baada ya kanisa. Nilikuwa nimeishaweka picha kwenye egemeo na kupaka upya mchanga wa mbele, chini ya bega la kulia: rangi nzito, yenye mafuta ya kutosha, juu ya tabaka la zamani lililokwisha kukauka. Fedha yangu nikaipunguza pale. Nikampa brashi, nikaigeuza, upande wa mti ukawa mbele.

"Andika," nikasema. "Rangi bado mbichi. Ukikosea tunafuta, tuna siku nzima."

"Niiharibu?"

"Huwezi kuiharibu."

Aliishika kama kijiti, kwa kweli aliishika kama kijiti, akachuchumaa mbele ya egemeo mpaka nikalishusha limfikie. Akaanza juu: 7 x 1 = 7. Mti wa brashi ulichimba rangi na ile ya chini, ya kahawia, ikatokea kwenye mifereji kama mchanga uliolowa. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa darasa la nne. Alipofika 7 x 6 mkono ukawa wa haraka. Kwenye 7 x 8 akasimama, akatazama dari, binti yake akataka kumwambia, akamzuia kwa mkono. "Niache. Hamsini na sita." Akaandika. Mistari miwili ya mwisho haikuenea, bega la kwenye picha lilikuwa limeshika nafasi, na hakutaka nilisogeze. "Hapo ndipo bata walikuwa wanafika," akasema.

Binti yake akamuuliza bata gani. Dada akavuta kigoda, akakaa, akaanza kusimulia. Nilisikia mambo ya Igombe ambayo sikuwa nayo, mengine magumu, mengine ya kuchekesha, na jina la mwalimu wake, na kwamba mama alilia siku ya kumtoa shule lakini alilia kwa nje ya nyumba. Mimi niliosha brashi.

Uso haumo mpaka leo. Dada hajauulizia tena.

Picha ilichukua siku kumi na mbili kukauka vya kutosha kubebwa. Nilimpelekea mwenyewe Mwaloni kwa bodaboda, nimeikumbatia. Nilimpa sharti moja, asiiweke chumbani gizani, maana mafuta ya kitani yakikaa gizani yanakuwa ya njano, yanataka mwanga. Akaitundika ukutani kwenye ofisi yake ndogo, ambako makuli na madereva wanaingia kuchukua stakabadhi. Wanamuuliza huyu nani. Anawaambia.

Jioni ile simu yangu iliingia ujumbe wa pesa: shilingi laki mbili, kutoka kwake. Nilimpigia kumwambia kwamba haikuwa ya kuuza, ilikuwa yake, tena nusu yake kaiandika mwenyewe.

"Nyingine nitamalizia mwezi ukianza giza," akasema. "Ni laki sita, si ndiyo? Yule mama alisema laki sita."

"Dada, sikudai."

"Kazi ni kazi, mdogo wangu. Mimi ile ya kwangu hakuna aliyenilipa. Pokea."